Bibi Titi Mohamed: Kutoka Kikundi cha Ngoma hadi Bungeni

Kila msimu wa harusi tunashona sare za vikundi, na kila msimu hatukosi kusikia kuwa hizo ni mbwembwe za wanawake tu. Leo tumkumbuke Bibi Titi Mohamed, aliyetoka kwenye vikundi kama hivyo akafika Bungeni.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Alisoma kidogo, akaolewa angali mdogo. Mjini walimjua kwa sauti yake, maana ndiye aliyeongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma cha wanawake.

TANU ilianzishwa mwaka 1954 na viongozi wake walikuwa wanaume. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wako wapi. Bibi Titi akapewa kazi ya kuwaongoza.

Hakuanza na mikutano mikubwa. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake wenye kauli kwa wenzao, waliozoeana kwenye harusi na misiba. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinamfuata. Kwa miezi michache tu, wanawake wapatao 5,000 wakajiunga na TANU.

Baada ya uhuru aliwakilisha Rufiji Bungeni, akawa waziri mdogo, na mwaka 1962 mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Uchaguzi wa 1965 ukamnyima kiti. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba, naye alikuwa na nyumba zake, akaacha uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akasamehewa. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Alifariki Novemba 2000, Allah amrehemu. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Yeye amekumbukwa. Lakini wale viongozi wa vikundi waliowaleta wenzao, wangapi tunawajua kwa majina? Bi harusi, daftari lako la michango na wale shoga wa sare ni nguvu ya namna ile ile. Tusiidharau. Na bibi zetu wangali hai, tuwaulize nani aliongoza kikundi chao, tuliandike jina lake.