Magari makongwe ya Babati: moshi, sheria na oili ya injini

Magari makongwe mjini Babati, mkoani Manyara, ni yale yaliyoundwa kabla injini hazijaanza kuongozwa na kompyuta: Land Rover Series III na 110, Land Cruiser za injini ya 1HZ, Hilux na Hiace za dizeli, malori ya Fuso na Isuzu, pamoja na matrekta ya Massey Ferguson yanayolima Kiru na Magugu. Sheria za moshi zilitungwa yakiwa tayari barabarani. Dizeli, petroli na oili yanazotumia nazo zimeundwa upya mara kadhaa kwa ajili ya injini za kizazi kingine, na kwa gari la Babati badiliko hilo la pili ndilo zito zaidi. Sheria hulisubiri gari bandarini. Oili hulifuata gereji kila baada ya kilomita 5,000 hivi.

Njia na kazi

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, na ni njia panda ya barabara za Arusha, Singida na Dodoma. Arusha iko umbali wa takriban kilomita 170. Lami ya Singida–Babati–Minjingu ilikamilika miaka ya mwanzo ya 2010, na ile ya Dodoma kupitia Kondoa, kilomita 251, ikazinduliwa 2018. Safari ndefu zikachukuliwa na mabasi makubwa na magari mapya zaidi. Makongwe yakabakiwa na njia za udongo: kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Mbulu, kuingia vijiji vya Gallapo, kubeba mbaazi, mahindi na alizeti, kupeleka watu na mbuzi mnadani. Lami haikuyastaafisha, iliyahamisha tu.

Upande wa mashariki wa mkoa, wilayani Simanjiro, Land Rover ni gari la wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, na soko hilo limesaidia spea zake kuendelea kupatikana Arusha. Oktoba 2024 jiji hilo lilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya msafara wa mamia ya magari hayo, mengi yakiwa bado na kazi ya kila siku. Si gari la maonyesho huku.

Ustadi wa kuyatunza ulipatikana kwa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka, na gari lililovunjika krenki liliweza kukaa juu ya mawe mwaka mzima likisubiri kifaa kimoja. Mafundi wakajifunza kuchonga bushi, kukata gasketi kwa mkono na kuhamisha viungo kutoka injini moja hadi nyingine. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kuonekana tena madukani; ujuzi wa kubangaiza haukupotea.

Sheria ya moshi

Hakuna umri ambao gari binafsi likiufikia nchini Tanzania hulazimika kuondoka barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilizaa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ukaguzi wa magari ya mtumba yanayoingia nchini. Kenya hukataa kabisa gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 hukataa lililozidi miaka 15. Tanzania imechagua kodi: gari dogo lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa bidhaa, na likizidi 10 ushuru hupanda tena.

Kodi hiyo ililenga kuzuia uchakavu usiingie. Kwa mtu wa kipato cha kawaida wa Babati, hata hivyo, bei ya gari la kuagiza inapopanda, lile alilonalo tayari hupata sababu nyingine ya kufumuliwa injini na kusukwa upya. Barabarani, trafiki huangalia zaidi tairi, breki, taa na stika ya Nenda kwa Usalama kuliko rangi ya moshi.

Moshi mweusi wenyewe una sababu ambayo wapita njia hawaijui. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 1HZ, huvuta hewa hiyo pungufu huku pampu ikiendelea kumwaga dizeli ileile iliyopimiwa pwani. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka ikiwa masizi. Fundi anayejua kazi hupunguza kidogo skrubu ya mafuta kwenye pampu, dereva hulalamika kwamba gari limekuwa zito, na baada ya wiki mbili kuna anayeirudisha kimyakimya. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya udongo huleta moshi uleule, na kulipuliza au kulibadilisha ni kazi ya dakika chache ambayo wengi huiahirisha.

Petroli na dizeli

Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, lakini ndani ya injini za zamani ilifanya pia kazi ya kulinda viti vya valvu za kutolea moshi. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 yenye viti laini inaweza kula viti hivyo polepole, hadi valvu ikose nafasi ya kufunga. Dawa ni kutoa silinda hedi na kuiwekea viti vya chuma kigumu, kazi inayofanywa mara moja tu.

Dizeli ilibadilika mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipohamia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Hapa magari makongwe yalipata zaidi kuliko yalivyopoteza. Salfa ikiungua huzaa asidi, asidi huingia kwenye oili na kula beringi, kwa hiyo salfa ikipungua oili hudumu na afya yake. Hasara iko kwenye pampu. Kiwanda kinapoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulaini wa asili wa dizeli, na pampu za mzunguko kama ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe, tofauti na pampu za mstari za malori mengi ya zamani ambazo zina oili yake. Ndiyo maana kiwango cha dizeli kinadai kuongezwa kilainishi. Ndiyo maana pia mafuta ya taa yakichanganywa humo huwa hatari maradufu, kwa kuwa ni makavu. Uchakachuaji huo ulienea hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife.

Oili

Nyuma ya kopo la oili kuna alama za Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Herufi S ni ya injini za petroli, C ya dizeli, na herufi inayofuata hupanda kadiri miaka inavyokwenda: CD ya 1955, CF-4 ya 1990, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, CK-4 ya mwisho wa 2016. Alama hizo zina maana zaidi kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwa rangi mbele ya kopo, ingawa dukani karibu kila mteja hutaja jina.

Ubishi wa gereji unahusu kiungo kiitwacho ZDDP, mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaoacha utando mwembamba juu ya vyuma vinavyosuguana, hasa kemishafti na tapeti. Fosforasi hiyohiyo ikiungua huharibu masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi ya gari la kisasa, na majivu ya oili huziba chujio la masizi la dizeli mpya. Viwango vikabanwa. Katika oili nyepesi za petroli kama 5W-30, kuanzia daraja la SM la 2004, fosforasi haizidi asilimia 0.08. Katika CJ-4 na CK-4 haizidi asilimia 0.12, na majivu hayazidi asilimia 1.

Hapo ikazuka imani kwamba oili mpya zinaua injini za zamani. Imani hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi. Land Rover ya lita 2.25, na baada yake injini ya 200Tdi, zina tapeti za roli, ambazo huviringika juu ya kemishafti badala ya kuisugua, kwa hiyo ZDDP pungufu haizitishi sana. Wenye sababu ya kuwa makini ni wenye Peugeot 504 na matrekta ya injini za Perkins, ambazo tapeti zake ni bapa. Na hata kwao, kikomo cha asilimia 0.08 hakikuwekewa oili nzito: kopo la 20W-50 la petroli linaweza kuwa na fosforasi kamili ingawa herufi zake ni za juzi. Dizeli kongwe ikitiwa 15W-40 ya CI-4 au CK-4 iliyo halisi haidhuriki. Kinachoidhuru ni oili bandia, oili ya kupima kutoka pipa lisilojulikana, na oili iliyopitiliza muda wake.

Kuna pia oili namba 40, nzito ya msimu mmoja, inayopendwa kwa bei na kwa sababu hupunguza moshi wa bluu. Asubuhi ya Julai, Babati ikiwa na baridi, oili hiyo huchelewa kufika juu ya silinda hedi, na dakika hizo za kwanza ndizo zenye uchakavu mwingi.

"Mzee, inakula oili?" fundi huuliza kabla ya kulegeza nati ya chini ya sampu.

"Inakula, fundi. Niwekee nzito."

Fundi mzuri hajibu haraka. Huisugua oili iliyotoka kati ya kidole gumba na cha shahada, huigeuzia juani kutafuta mng'aro wa chuma, huinusa kama ina dizeli. Weusi peke yake haumtishi: oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa kuwa inashika masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Injini ya 1HZ hubeba karibu lita 10, hivyo kosa la kuchagua kopo si la bei ndogo, na kishawishi cha kuongezea tu badala ya kumwaga yote kinaeleweka.

Oili iliyomwagwa hukusanywa kwenye madumu. Nyingi huuzwa kwa ajili ya kupaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, matumizi ambayo ni mabaya kuliko yanavyoonekana: imebeba metali na masalia ya mwako yanayoweza kuleta saratani, na hupakwa kwa mikono mitupu. Ikimwagwa mtaroni hufuata maji ya mvua, na Ziwa Babati, lenye viboko na wavuvi wake, liko ubavuni mwa mji.

Makongwe ya kesho

Noah na IST za miaka ya mwanzo ya 2000 sasa zinazeeka, nazo ziliundwa na masega, vihisio na kompyuta. Masega yakiziba, mengi hutolewa na bomba tupu likaungwa mahali pake. Yana platini, paladi na rodi, kwa hiyo hupata mnunuzi siku hiyohiyo. Dizeli zenye chujio la masizi zikiingia gereji zilezile huleta tatizo la kinyume, maana oili ya CF iliyolitunza lori la Fuso miaka yote huliziba chujio hilo kwa majivu. Duka moja la spea sasa linahitaji makopo mawili ambayo kila moja ni kosa kwa mteja wa jirani.

Tofauti huonekana zaidi kwenye sindano ya mafuta. Nozeli ya 1HZ hufunguliwa, husafishwa, hupimwa kwa pampu ya mkono na kurudishwa mchana huohuo. Injekta ya dizeli mpya ya Toyota ina msimbo wake uliochapwa kichwani, na ikibadilishwa msimbo huo lazima uandikwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine ya uchunguzi, la sivyo silinda moja hupewa mafuta kwa kipimo cha injekta iliyokwisha kutupwa.