Gurumo, ngano ya Basotu na albamu isiyokuwepo



Mwaka 1980 huko Marekani ilitoka albamu ya blues na jazz iitwayo Amtrak Blues. Mwimbaji wake, Alberta Hunter, alizaliwa 1895, na kabla ya kurudi jukwaani alikuwa muuguzi New York kwa miaka kama 20. Bibi wa zaidi ya miaka 80, na jina kwenye jalada ni lake. Nikiisikiliza namkumbuka mzee wetu Muhidin Maalim Gurumo, na nikimkumbuka Gurumo nafika Hanang. Msicheke, naeleza.

NUTA ilianzishwa 1964 ikiwa chama pekee cha wafanyakazi, na mwaka huohuo ikaunda bendi, NUTA Jazz, Gurumo akiwa kati ya waimbaji wake wa mwanzo. (Hiyo "jazz" ni jina tu. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, wote walipiga dansi lenye damu ya rumba ya Cuba na Kongo.) Wanamuziki walilipwa mshahara wa mwezi, vyombo vilikuwa mali ya chama. Na chama kiliishi kwa ada iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi.

Sasa twendeni Hanang. Miaka ya 1970 NAFCO, kwa msaada wa Canada, ilipanua kilimo cha ngano mpaka mashamba yakafika 7: Basotu, Setchet, Mulbadaw na wenzake. Wabarabaig walipoteza ekari kama 100,000 za malisho, na hilo ni deni jingine. Ila dereva wa trekta aliyekatwa ada pale Basotu alikuwa anachangia kapu lilelile lililomlipa mwimbaji Dar es Salaam. Dansi lenyewe lilipigwa mbali. Huku Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini, muziki ule ulikuja kwa redio.

Mwaka 1978 Gurumo alihamia Mlimani Park, iliyomilikiwa na kampuni ya teksi na usafirishaji. Mwaka 1985 akaenda OSS ya mfanyabiashara Hugo Kisima, kisha akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo mwisho ikaitwa Msondo Ngoma. Tajiri alibadilika, utaratibu haukubadilika: nyimbo zinarekodiwa Radio Tanzania, kanda inaandikwa jina la bendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, miaka 35 baada ya NUTA Jazz.

Wapo wanaosema ujamaa uliwanyonya wanamuziki. Mimi nasita. Mshahara wa kila mwezi kwa mpiga gitaa ni kitu ambacho wengi wa leo hawana. Ubaya ni kwamba mshahara uliisha siku ya kuondoka, na sauti ikabaki kwa mwenye kanda. Gurumo alistaafu 2013 baada ya nusu karne ya kuimba, hana hata gari. Kijana Diamond Platnumz ndiye aliyempa moja. Aprili 2014 akafariki.

Kanda za Radio Tanzania ilizirithi TBC. Zitolewe humo nyimbo alizoongoza yeye, ziwekwe kwenye albamu moja, jina lake liwe juu, na familia ilipwe.

Nawe mwenye mzazi aliyefanya kazi NAFCO, muulize: ada ilikuwa shilingi ngapi, na dansi alilisikia kwenye redio ya nani?