Dhiki na Siri za Nyumbani: Riwaya Tatu za Miaka 1971 hadi 1980

Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili huuliza swali moja karibu kila mwaka: kwa nini riwaya za Kiswahili zina talaka na watoto waliotoroka kwao kwa wingi namna hii? Katika makala haya tunajaribu kulijibu kwa kuangalia riwaya tatu zilizotoka ndani ya muongo mmoja. Tunaona kwamba waandishi wake wanakubaliana katika jambo moja: dhiki huielemea nyumba, lakini kinachoivunja ni siri, na mwenye kulipa deni ni mtoto.

Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), inayoanzia Ukerewe. Zakaria ni mlevi, na mzigo wa nyumba umemwangukia mkewe, Regina. Baba huyu anamlinda binti yake kwa kipigo, lakini hamfundishi lolote kuhusu maisha. Rosa anapofika shuleni na kuuonja uhuru, hana silaha ya kujikinga. Maisha yake ya nyuma yanapojulikana kwa mchumba, uchumba unavunjika, naye anajiua. Kitabu hiki kilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, kisha baadaye kikaruhusiwa. Waliokizuia waliogopa mwenendo wa Rosa. Sisi tunadhani kinachotisha zaidi ni ukimya wa wazazi wake.

Ya pili ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976). Hapa tuko Zanzibar, kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Fuad, mwenye mashamba, anapata mtoto ambaye rangi yake si ile aliyoitarajia. Shaka inamwingia, na mapenzi yake kwa mkewe, Aziza, yanageuka chuki. Rehema anakua bila baba ingawa baba yuko hai, na mwishowe anatoroka. Baadaye anaolewa na Sulubu, mkulima maskini. Hapo mwandishi anatupa mizani ya kupimia: nyumba ya tajiri imebomolewa na shaka, ilhali nyumba ya fukara inasimama kwa jembe na kuaminiana. Hata hivyo kosa la baba haliishi. Shamba alilompa Rehema kwa mdomo tu, bila hati, linadaiwa na wengine baada ya kifo chake.

Ya tatu ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), nayo pia ni ya Zanzibar. Mbele ya watu Bwana Maksuudi ni mheshimiwa wa siasa. Nyumbani amemtawisha mkewe, Bi Tamima, pamoja na binti yao, Maimuna, huku yeye mwenyewe akiwa na hawara, Kazija. Siri hiyo inafichuka kwa aibu kubwa, maana Mussa, mwanawe wa kumzaa, naye ana uhusiano na Kazija. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bi Tamima anapewa talaka, na Maimuna, aliyefungiwa asione dunia, anaingia mjini bila kuijua.

Tukizisoma riwaya hizi kwa mfuatano, tunaona mabadiliko ya kihistoria. Mwaka 1971 lawama inawekwa kwenye malezi. Kufikia 1976 imehusishwa na rangi na umiliki wa ardhi, na mwaka 1980 imefika kwenye siasa: anayedanganya nyumbani ndiye anayewadanganya raia.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi hili. Wanafunzi wachore jedwali la kila riwaya: nani ana siri, nani anaijua, inafichuka lini, na nani anaumia. Wengi huanza somo wakiwahukumu Rosa na Maimuna kuwa wasichana walioharibika. Wakishalijaza jedwali, majina ya mabinti hujitokeza katika safu ya walioumia, na ya baba zao katika safu ya kwanza. Kutoka hapo mjadala wa darasani hujiendesha wenyewe.