Yesu wa Murang'a

Wadau, nipo nyumbani Malangali, Sumbawanga, kwa likizo fupi. Baridi ya Ufipa haina mchezo! Sebuleni kwa bibi bado kuna ile kalenda ya zamani yenye Yesu mzungu, nywele za dhahabu, macho ya bluu. Jana nikamuuliza kama kweli anaamini Yesu alikuwa hivyo. Akajibu, "Mjukuu wangu, hiyo ndiyo picha tuliyopewa."

Nikamkumbuka Elimo Njau. Ni Mchagga wa Marangu, aliyezaliwa 1932, akasomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, Kenya, mji ulioitwa Fort Hall enzi hizo. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Njau alichora picha tano: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Zote akaziweka kwenye vilima vya Ukikuyu, na Yesu wake ni mweusi.

Ndugu msomaji, hebu fikiria wakati wenyewe. Kenya bado koloni. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 iliondolewa 1960 tu. Yesu wa Njau alikuwa na sura ya mtu ambaye askari angemsimamisha barabarani na kumdai kipande!

Miaka hiyohiyo, huko Japani, Ikuo Hirayama naye alikuwa akichora imani baada ya mauti. Alinusurika bomu la Hiroshima akiwa na miaka 15. Mwaka 1959 akamchora Xuanzang, mtawa aliyekwenda India kutafuta maandiko ya Kibudha akayarudisha China. Baadaye Hirayama mwenyewe alisafiri sana kwenye Njia ya Hariri, akaichora hadi uzeeni. Alifariki 2009.

Hirayama aliifuata dini yake hadi ilikopita. Njau aliipokea dini iliyotoka mbali, akaikaribisha nyumbani. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, na fundisho lake likawa kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi.

Jioni nikamwonyesha bibi picha ya Murang'a kwenye simu. Akaitazama weee... kisha akauliza, "Huyu mama yake ni wa wapi?"

Nikamwambia, "Wa jirani tu, bibi."

Kalenda bado ipo ukutani. Kwenu je, mmetundika sura ya nani?