Mkate wa Weyerbusch

Katika milima ya Westerwald, mashariki ya mto Rhine nchini Ujerumani, kipo kijiji kiitwacho Weyerbusch, ambacho wakazi wake wa zamani walikuwa wakulima wa vishamba vidogo, tegemeo lao viazi ulaya na nafaka kidogo. Na huko ndiko alikopelekwa mwaka 1845 Friedrich Wilhelm Raiffeisen, kijana ambaye hajatimiza miaka 30, awe meya.

Haukupita muda balaa ikashuka. Viazi vilioza kwa maradhi yaliyotapakaa Ulaya, mavuno ya nafaka ya 1846 yakapunguka, na bei ya mkate ikapanda hata maskini wakashindwa. Serikali ya Prussia ilileta unga wa ghala zake, walakini kwa sharti kwamba ulipwe taslimu, na taslimu ndiyo waliyoikosa wenye njaa. Raiffeisen akawagawia kwa deni, kinyume cha amri. Kisha akawakusanya wenye uwezo, wakatoa fedha za kununulia nafaka zaidi, wakajenga tanuri, na mkate ukauzwa kwa bei nafuu kuliko ya sokoni, asiyekuwa na kitu akaandikwa deni. Naona tanuri lile ndilo kiini cha habari yote, kwa kuwa aliyetoka pale na mkate kwapani alitoka mdeni mwenye ahadi, na heshima yake i salama.

Alihamishiwa Flammersfeld mwaka 1848, na Heddesdorf mwaka 1852, akiunda vyama vya kuwaokoa wakulima na wala riba. Vyama hivyo vilitegemea ukarimu wa matajiri, nao ukarimu huchoka. Wafadhili wa Heddesdorf walipopoa, Raiffeisen, ambaye kwa imani yake ya Kikristo aliipenda mno sadaka, alikubali baada ya kusitasita kuunda, mwaka 1864, chama cha mikopo ambamo mkopaji hana budi awe mwanachama, na kila mwanachama adhamini madeni ya chama kwa mali yake yote. Sharti zito hilo, lakini kijijini, ambako kila mtu ajua ng'ombe wa jirani yake ni wangapi na nani mvivu, liliwezekana.

Macho yake yakiwa yamefifia, alistaafu mwaka 1865, akatoa kitabu cha taratibu hizo mwaka 1866, akafariki 1888. Fikra ile ilivuka bahari hadi Kanada na Marekani, na kwa njia hiyo ikafika Afrika Mashariki katika vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, ambamo mwalimu au mkulima aombaye mkopo huulizwa kwanza wadhamini wake ni nani.