Sungusungu, jina tulilolikuta kambini

Tulipoingia Nyarugusu mwaka 1997, tukiwa tumevuka ziwa kutoka Fizi, neno sungusungu hatukuwa nalo. Mimi mtoto nilidhani ni jeshi la Tanzania. Kumbe ni wakimbizi wenzetu, fimbo mkononi na filimbi shingoni, wanazunguka usiku.

Jina lenyewe ni la mdudu, wale chungu weusi wakubwa wanaouma. Lilitoka Usukuma na Unyamwezi. Baada ya vita na Uganda ya Amin, 1978 hadi 1979, bunduki zilizagaa, ng'ombe wakawa wanaibwa, na polisi wako mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa pande za Kahama na Shinyanga wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata mtu. Tusiwapambe: kuna vikundi vilivyotesa na kuua, na bibi vizee walioitwa wachawi walikiona. Lakini hawakutegemea mshale tu. Walikuwa na kutenga: mwizi hapewi moto, hateki maji na wenzake, hasalimiwi, mpaka alipe faini.

Sasa kambini utamtenga nani? Kijana asiyeruhusiwa kutoka bila kibali, sheria ya 1998 ndiyo inavyosema, hana shamba, hana kazi, ukimnyima salamu umemnyima nini? Ndiyo maana kwetu mara nyingi ilibaki fimbo peke yake.

Najua kwa sababu nilishikwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaiba turubai la mama mmoja wa kijiji chetu cha kambini, nikaliuza kwa pesa ya viatu. Sungusungu walinichapa vizuri tu, halafu wakataka kunipeleka polisi. Mama akaja na kanga yake ya kulalia, mvua inanyesha. Akawaambia, "Mukimupeleka huko, mimi nitalala wapi? Anifyatulie matofali."

Wazee wakakaa, wakabishana mpaka saa nne usiku. Mmoja alisema huo ni uzembe, mtoto atarudia. Mwingine akamjibu kwamba huko kwetu mlimani mwizi alikuwa analipa, na jamaa yake wanalipa naye. Ikapita hiyo. Wiki tatu nilikanyaga udongo, matofali mia tatu, kaka zangu wananisaidia huku wananitukana. Mama alinipa ugali kila mchana, haongei.

Miaka sita baadaye na mimi nikavaa filimbi. Usiku wa kwanza tulimshika kijana na sufuria ya watu. Mwenzangu akainua fimbo, nikamwuliza kijana kwanza: ya nani? Akanionyesha nyumba. Tukaenda kubisha hodi.

Yule mama alishahamia Marekani. Nyumba yake anakaa Mrundi aliyekuja 2015, na ukuta wa nyuma ni matofali yangu. Umeinama kidogo, sikuwa fundi.