Saa za kazi na uchovu wa wafanyakazi wa reli (Kibaha na Kisarawe)

Usimamizi wa saa za kazi na uchovu wa wafanyakazi wa reli ni utaratibu wa kupanga zamu, mapumziko na usiku wa kulala wa watu wanaoendesha, kuongoza na kutengeneza reli, ili asiwepo anayefanya kazi ya hatari akiwa amechoka kupita kiasi. Nchini Tanzania jambo hili linaonekana vizuri katika wilaya za Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani, kwa sababu aina tatu za reli zinapita katika eneo dogo lililo jirani na Dar es Salaam.

Reli za eneo hili

Ya kwanza ni Reli ya Kati, yenye upana wa mita moja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika Kibaha inapita Soga na Ruvu, si katikati ya mji wa Kibaha kama wengi wanavyodhani. Mji huo umekua kandokando ya barabara ya Morogoro. Ruvu ni njiapanda: tangu mwaka 1963 tawi linatoka hapo kwenda Mruazi na kuungana na reli ya Tanga.

Ya pili ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Inakatiza wilaya ya Kisarawe, ambako Mzenga ni mojawapo ya vituo vyake.

Ya tatu ni reli ya kisasa ya SGR, inayotumia umeme. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Ina vituo Soga na Ruvu, na mwendo wa treni zake za abiria unafikia kilomita 160 kwa saa. Kwala, wilayani Kibaha, pana bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025, inayopokea mizigo kwa treni kutoka bandari ya Dar es Salaam. Treni ya mizigo haichagui saa, kwa hiyo kazi ya usiku katika eneo hili haitarajiwi kupungua.

Kwa nini kazi ya reli inachosha

Uchovu wa reli hauletwi na wingi wa saa peke yake. Mwili wa binadamu una mzunguko wa karibu saa 24, na uangalifu wake unashuka sana kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, kisha tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Uchunguzi wa wataalamu wa usingizi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya makosa kama mtu mwenye pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Pombe hupimwa kwa kupuliza kifaa. Uchovu hauna kipimo cha namna hiyo langoni, na mwenyewe mara nyingi hajui kama amechoka.

Katika njia moja ya reli kuna sababu nyingine: kusubiri. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana ila penye njia ya pembeni, basi moja husimama mpaka nyingine ipite. Dereva anayesubiri hafanyi kazi ya mikono, lakini saa zake zinaendelea kuhesabika na hawezi kulala. Treni ikichelewa kwa saa nne, zamu iliyopangwa kuwa ya saa nane inakuwa ya kumi na mbili bila mtu kuamua hivyo.

Mzigo wa magenge ya kutengeneza njia ni wa namna nyingine. Wao hufanya kazi juani, katika joto na unyevu wa Pwani, wakibeba mataruma na kushindilia kokoto. Hatari kwao ni kutosikia treni inayokuja. Treni ya umeme haina muungurumo mkubwa kama wa kichwa cha dizeli, na kwa kilomita 160 kwa saa inakwenda zaidi ya mita 40 kila sekunde.

Mkuu wa stesheni na waongoza treni huchoshwa na ukimya. Wanakaa muda mrefu bila tukio, kisha kwa dakika chache wanatakiwa kuamua jambo lisilorekebishika.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inawahusu waajiriwa wa Tanzania Bara wakiwemo wa utumishi wa umma, isipokuwa wa vyombo kama jeshi, polisi na magereza. Inaweka ukomo wa siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Muda wa ziada hufanywa kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Pamoja na muda huo wa ziada, siku moja ya kazi haipaswi kuzidi saa 12.

Baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo, mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60. Hapa sheria ina mlango unaoigusa reli moja kwa moja: mwajiri anaweza kumtaka mtu afanye kazi wakati wa mapumziko ikiwa kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mwangalizi, au haiwezi kufanywa na mwingine. Katika kituo kidogo chenye mtu mmoja kwa zamu, mlango huo unaweza kuwa wazi kila siku. Muda huo lazima ulipwe, lakini malipo si usingizi.

Kati ya zamu na zamu sheria inataka saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki saa 24. Kwa makubaliano ya maandishi, mapumziko ya wiki yanaweza kuwa saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Mapumziko ya siku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, kwa mfano ikiwa mfanyakazi anaishi mahali pa kazi. Kota za reli zinaingia hapa. Anayelala hatua chache kutoka kituoni hapotezi muda barabarani, lakini pia ndiye wa kwanza kugongewa mlango usiku.

Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara. Kwa mfano, anayepata shilingi 4,000 kwa saa huongezewa 200. Ikiwa ni muda wa ziada, asilimia hiyo hupigwa kwenye 6,000, yaani 300. Nyongeza hiyo ni ndogo kuweza kuitwa fidia ya usingizi, ila muda wa ziada wenyewe unavutia, hasa mshahara ukiwa mdogo. Hivyo mfanyakazi anaweza kuwa wa kwanza kuomba zamu inayomchosha.

Masharti ya ukomo wa saa na mapumziko hayatumiki katika kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida. Mvua za masika zikisomba tuta la reli, genge linaweza kukaa kazini usiku na mchana kihalali. Sheria haisemi dharura inakwisha lini, na kwa maoni ya watu wengi wanaoshughulika na usalama hili ni pengo: dereva wa kwanza kupita juu ya tuta jipya anategemea kazi ya watu waliokesha.

Malalamiko hupelekwa kwa chama cha wafanyakazi, kama TRAWU, na mgogoro usiposuluhishwa huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Afya na usalama kazini viko chini ya OSHA, na usalama wa reli chini ya LATRA.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Tarehe 8 Februari 1986 treni ya mizigo na ya abiria ziligongana karibu na Hinton, Kanada, wakafa watu 23. Tume ya jaji René Foisy ililaumu, pamoja na mambo mengine, mazoea ya kazi yaliyowaacha wahudumu wa treni ya mizigo bila usingizi wa kutosha.

Kisa cha Clapham, London, tarehe 12 Desemba 1988, hakikuhusu uchovu wa dereva. Fundi wa taa za ishara aliacha waya wa zamani bila kuukata vizuri, taa ikaonyesha njia ni salama, na watu 35 wakafa. Fundi huyo alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13. Uchunguzi wa Anthony Hidden ulifuatiwa na ukomo wa saa 12 kwa zamu, saa 12 za mapumziko kati ya zamu, saa 72 kwa wiki na zamu 13 katika siku 14.

Mitambo

Reli nyingi huweka katika kichwa cha treni kifaa ambacho dereva anatakiwa kukigusa kila baada ya muda mfupi. Asipofanya hivyo breki hujifunga. SGR ya Tanzania ina pia mfumo wa ishara wa ETCS ngazi ya 2, unaoisimamisha treni inayopita kikomo chake. Reli ya Kati ya zamani na TAZARA hutegemea zaidi macho na masikio ya watu. Hata hivyo, ETCS inamlinda abiria dhidi ya kosa la dereva. Haimlindi mfanyakazi aliye njiani ambaye hakuandikwa kwamba yupo, wala haioni nati iliyokazwa nusu saa kumi usiku.